Jinsi ya kuhamia risasi za shaba, sheria ije isije

Wawindaji tukikutana siku hizi, ubishi ni ule ule: madini ya risasi, ile metali nzito yenye sumu inayotengenezewa risasi za kawaida, yapigwe marufuku katika uwindaji, au yaachwe? Wanaoyatetea hutaja bei na bunduki ya babu, wanaoyapinga hutaja ndege na watoto. Denmark ilikataza marisau ya madini hayo, yaani vile vipira vidogo vinavyotoka vingi kwa mpigo mmoja, mwaka 1996, na risasi za bunduki zinazopiga moja moja mwaka 2024. California iliyakataza katika uwindaji wote tarehe 1 Julai 2019. Mimi napiga shaba, na ningeipiga hata bila sheria.

Anzia mezani, unapokata nyama. Risasi ya kawaida ina kiini laini cha madini hayo. Ikigonga mfupa hupasuka vipande, vingine vidogo kuliko chembe ya mchanga, jicho halivioni wala ulimi hauvihisi. Picha za eksirei zimevikuta sentimita 30 na zaidi kutoka kwenye njia ya risasi. Kwa hiyo kama bado unamalizia pakiti za zamani, tupa nyama kwa upana huo, siyo ile iliyovilia damu tu. Usioshe jeraha kwa maji, utavisambaza. Usiloweke nyama hiyo kwenye siki pia, kwa sababu asidi huyeyusha madini. Mjamzito na mtoto mdogo wasile kabisa. Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chochote cha madini hayo kilicho salama mwilini.

Matumbo yafukie, na yafukie kwa kina. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga waliobaki 22 tu mwaka 1982, mpaka leo huuawa zaidi na sumu ya vipande wanavyovimeza kwenye mizoga kuliko na kitu kingine chochote.

Sasa bunduki. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo risasi ya shaba yenye uzito ule ule huwa ndefu zaidi, na mitutu mingine haiizungushi vya kutosha ili iende sawa. Shuka ngazi moja: aliyezoea gramu 11.7 achukue 10.7 au hata 9.7. Wengi hung'ang'ania uzito wa zamani, kisha wanalaumu shaba. Nyepesi hutoka kwa kasi zaidi, na shaba inataka kasi ili ifunguke, yaani itanuke ndani ya mnyama. Zipo zinazohitaji mita 600 hivi kwa sekunde pale zinapogonga. Soma pakiti, ujue umbali ambao kasi hiyo inaisha, na hapo ndipo mwisho wako wa kupiga.

Kabla ya kulenga upya, safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Piga tatu tatu mita 100, rekebisha darubini, rudia. Zikitawanyika, jaribu aina nyingine kabla ya kulaani bunduki. Kuhusu bei, ni kweli shaba hugharimu zaidi, lakini hesabu risasi unazompiga mnyama kwa msimu mzima. Ni chache mno kuleta ugomvi.

Mnyama mpige nyuma tu ya bega, au bega lenyewe. Shaba haipasuki ovyo, kwa hiyo hupoteza nyama kidogo, ila hupenya sana: hakikisha nyuma yake kuna udongo, siyo mnyama mwingine wala jiwe.

Kwenye marisau, hapo wabishi wana hoja. Chuma, kinachotumika badala ya madini ya risasi, ni chepesi zaidi, kwa hiyo panda saizi mbili na usipige mbali kuliko mita 35. Mtutu mwembamba wa zamani, au uliobanwa sana mdomoni, unaweza kuharibika. Kwa bunduki hizo kuna marisau ya bismathi, metali nyingine, laini na mazito kuliko chuma, ingawa mfuko utalia. Bunduki usiyoijua vizuri mpelekee kwanza fundi aipime, ndipo utie chuma.