SOMO: Suruali pana na koti lake la ofisini, kuanzia kitambaa mpaka pindo

Naandika somo hili likae hapa, maana kila wiki naulizwa jambo lilelile: "Fundi, nimeshona suruali pana kama zile za mtandaoni, mbona imenivaa badala ya mimi kuivaa?" Wanauliza walimu, wahasibu, wanasheria, dada zetu wa benki. Picha wanazoleta zinafanana: suruali ya kiuno cha juu inayoachia kuanzia hipsi mpaka chini, koti lililolegea kidogo, na siku hizi kizibao kilichofungwa vifungo vyote na kuvaliwa chenyewe badala ya blauzi. Rangi ni kahawia ya chokoleti au inayokaribia hapo. Hata Pantone, kampuni ya Marekani inayotangaza rangi ya kila mwaka, rangi yao ya 2025 ilikuwa kahawia, Mocha Mousse.

Mtindo huu naupenda na unatufaa sana sisi wa joto. Ila ujue kitu kimoja kabla hujatoa hela: nguo ya kubana inashikwa na mwili mzima, lakini hii pana inaning'inia sehemu mbili tu. Suruali inaning'inia kiunoni, koti linaning'inia mabegani. Sehemu hizo zikikosewa, hakuna upana utakaokuokoa.

1. Chagua kitambaa kwa uzito. Krepu nzito au kitambaa cha suti chepesi. Dukani kishike ncha moja ukiachie kianguke: kikishuka chenyewe, kinafaa, kikisimama mbali na mkono, suruali itakuwa hema. Kifinye kwenye ngumi kidogo, ukiachia uone mikunjo inabaki au inaondoka, maana ofisini utakaa kwa muda wa saa nane. Kitani ni kizuri ila kinakunjika, ukubali hilo mapema.

2. Kiasi. Kitambaa cha upana wa inchi 60: suruali mita 2.5, koti mita 2, bitana mita 2. Ukiwa mrefu, ongeza nusu mita kwenye suruali. Kitenge ni chembamba kwa upana, kama inchi 46, kwa hiyo nunua zaidi ya yadi 6 kwa suti nzima. Usibane hapa. Kitambaa kikiwa hakitoshi, fundi atalaza kipande kimoja ubavu ili kiingie, na mguu uliokatwa hivyo utajisokota ukitembea. Wengi wanamlaumu fundi wakati kosa lilianzia dukani.

3. Kitenge cha pamba kiloweke maji baridi, kianike, kipige pasi, ndipo ukipeleke kwa fundi. Krepu ipige pasi ya mvuke tu.

4. Kiuno, hipsi, urefu: pima kawaida.

5. Kina cha suruali. Hapa naomba utulie, kwa sababu suruali pana ya kwanza niliyomshonea mteja ilirudi kwa ajili ya hatua hii. Kina ni umbali wa kutoka mkanda wa kiunoni mpaka pale miguu inapogawanyika. Mafundi wengi tunafundishwa kugawa hipsi kwa nne na kuongeza kidogo. Kwa suruali ya kawaida inapita. Kwa ya kiuno cha juu haipiti, kwa sababu wanawake wawili wenye hipsi 42 wanaweza kuwa na kiwiliwili tofauti kabisa. Mmoja mfupi juu na miguu mirefu, mwingine kinyume chake.

Fanya hivi. Funga kamba nyembamba pale mkanda utakapokaa. Kaa wima kwenye kiti kigumu, siyo kochi. Mtu mwingine apime ubavuni, kutoka kwenye kamba kushuka mpaka juu ya kiti, futi kamba ifuate mzunguko wa hipsi. Ukipata 11, ongeza nusu inchi mpaka inchi moja. Usiongeze zaidi ukidhani unajipa nafasi: kina kikizidi, kila hatua unayopiga inainua suruali nzima. Kikipungua ni mbaya zaidi, inakukata mbele na mikunjo inatoka katikati kwenda mapajani. Na sikiliza: kina kilichozidi kinarekebishika kwa kushusha mkanda, kilichopungua hakina dawa. Kwa hiyo mwambie fundi aache inchi moja ya akiba juu kwenye mkanda na kwenye mshono wa nyuma, na asikate akiba hiyo mpaka umejaribu. Ukijaribu, usisimame tu mbele ya kioo. Kaa, panda ngazi, inama kama unaokota kalamu.

6. Mabega ya koti. Kulegea siyo kuvaa namba kubwa. Mshono wa bega upite mfupa kwa nusu inchi, isizidi inchi moja. Upana uongezwe kwenye kifua na ubavuni. Kola na sehemu ya vifungo ziwekwe gamu ya kupiga pasi, yaani kitambaa cha kukazia kinachogandishwa ndani kwa pasi, la sivyo zitalegea baada ya kufuliwa mara mbili.

7. Pindo la mwisho. Itundike suruali usiku mzima kabla ya kukata pindo, krepu hushuka. Kesho yake vaa viatu utakavyovaa kazini, siyo vya harusini, pindo likae nusu inchi juu ya sakafu. Fundi aache inchi 2 za kitambaa ndani ya pindo.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

binti_ilala: Bei gani mpaka suti ikamilike?

Mwandishi: Sijaandika bei kwa makusudi. Kitambaa chako, mtaa wako na fundi wako ndio wanaopanga.

mama_wawili: Shikamoo fundi. Mimi nina tumbo lililobaki baada ya kuzaa na hipsi kubwa. Naogopa suruali pana itanifanya nionekane mnene zaidi. Na ile mikunjo iliyoshonwa mbele kiunoni, niiweke au nisiweke?

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri sana hili. Upana unaonenepesha ni ule unaoanzia tumboni. Yako ilale vizuri tumboni na kwenye hipsi, ianze kuachia chini ya hipsi. Mikunjo weka mmoja kila upande, uelekee nje, usogee karibu na mfuko, usiwe katikati ya tumbo. Mbele mkanda uwe bapa, mpira uwekwe nyuma tu. Ukishiba mchana utanishukuru. Mifuko ya ubavuni ishonwe ya mshazari na ishikizwe ndani mpaka kwenye zipu, ili isifunguke kama masikio ukikaa. Zipu iwe ubavuni ukitaka mbele patulie kabisa.

mchumi_mpya: mita ngapi kwa suruali??

Mwandishi: Hatua ya 2.

dada_k: Fundi wangu ana miaka ishirini kazini, kasema kupima mtu amekaa ni mambo ya mtandaoni.

Mwandishi: Na mimi ni fundi, na sikulitoa mtandaoni. Mwambie apime njia zote mbili kisha alinganishe. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu inchi, aamini kiti. Akikataa kukupima tu, hiyo suruali asikushonee yeye.

ukhti_tanga: Asalaam alaykum. Sisi tunaojistiri tunaufanyaje mtindo huu? Koti la kiunoni siwezi.

Mwandishi: Waalaykum salaam ukhti. Wewe umependelewa na mtindo huu. Koti lako lishuke mpaka juu kidogo ya goti, bila kubana kiuno, mipasuo miwili ya ubavuni iishie usawa wa katikati ya paja ili ukikaa lisipande. Suruali punguza upana kidogo, chini izunguke inchi 20 badala ya 26, maana nguo mbili pana sana zikipandana mtu anapotea ndani. Ushungi uwe wa rangi moja na kizibao, siyo na koti. Jaribu, kisha uniambie.

mtumishi_dodoma: Serikalini tunaruhusiwa kweli? Tuna waraka wa mavazi.

Mwandishi: Waraka wa mwaka 2007 shida yake ni nguo fupi, za kubana na zinazoonyesha mwili. Suti pana iko mbali na hayo. Kizibao kitupu bila koti ndicho kinachoweza kukuletea maneno. Muulize afisa utumishi wako kwanza.

wa_mitumba: Mi sishoni, nachukua koti la mtumba soko la Karume, Dar, grade one. Za kiume zinalegea vizuri.

Mwandishi: Sawa kabisa, ila angalia bega kabla ya kitu kingine. Mikono inafupishwa, ubavu unapunguzwa, bega ukilifungua umefungua koti zima na gharama yake ni kama kushona jipya. Geuza ndani uangalie bitana ya makwapani, hapo ndipo inapoozea. Na la kiume vifungo vinafunga upande wa pili, kama hilo linakusumbua.

njeri_wa_toi: Huku Nairobi Julai ni baridi, suruali pana inaingiza upepo. Dawa?

Mwandishi: Bitana mpaka chini ya goti, mbele na nyuma. Inasaidia pia krepu isigande kwenye taiti.

binti_ilala: Nimeona za kitenge juu mpaka chini zinauzwa tayari, zinafaa ofisini?

Mwandishi: Kitenge chenye maua makubwa weka kwenye koti au kizibao, suruali iwe ya rangi moja iliyomo ndani ya kitenge hicho. Ukitaka kitenge kitupu, chagua chenye mchoro mdogo.

abiria_wa_boda: Jamani mnaopanda bodaboda na hizi suruali, kuweni makini. Rafiki yangu pindo liliingia kwenye tairi pale Mwenge, Dar, alinusurika. Mimi nafunga raba band kila mguu, nikifika natoa.

Mwandishi: Asante sana kwa hili, nilipaswa kuliandika juu kabisa. Na bomba la moshi linayeyusha krepu papo hapo, kwa hiyo mguu wa kulia ukunje zaidi. Raba isikae muda mrefu, inaacha alama.

mama_wawili: Fundi, ya zamani niliyokuwa nayo inang'aa mapajani kila nikipiga pasi.

Mwandishi: Pasi imegusa kitambaa moja kwa moja. Tandika khanga kuukuu yenye unyevu juu yake, pasi ya wastani, bonyeza na kuinua, usiburute. Kwa ile iliyokwisha kung'aa, geuza ndani nje, pitisha mvuke, kisha isugue kwa brashi laini ya nguo ikiwa bado na joto. Kama nyuzi hazijaungua, mng'ao utapungua.