Kupitia upya aljebra na takwimu za kidato cha kwanza

Mpwa wangu aliniletea daftari lake baada ya magharibi, hapa Chake Chake, limejaa wino mwekundu. Tulikaa siku tatu, mbili zikaishia hatua ya pili.

Hatua ya 1. Kusanya vinavyofanana. 3x + 2 + 5x ni 8x + 2. Karafuu upande wake, makonyo (vijiti vyake) upande wake.

Hatua ya 2. Fungua mabano yenye kutoa mbele. Swali: 3x − 2(x − 5) = 14. Aliandika 3x − 2x − 10 = 14, akapata 24. "Mjomba, si nimezidisha vyote?" Amezidisha, ila alama imemponyoka. "Hasi mara hasi ni chanya" ameikariri tangu zamani, haikumfaa kitu. Nikamwambia aiache x, twende dukani. Una 10,000, kanga ni 7,000, muuzaji anakupunguzia 1,000. Unabakiwa na 10,000 − (7,000 − 1,000), yaani 4,000. Ukiandika 10,000 − 7,000 − 1,000 unabakiwa na 2,000: umepunguziwa bei, kisha umelipishwa hilo punguzo! Akacheka, akasahihisha: 3x − 2x + 10 = 14, x ni 4.

Rudisha jibu kwenye swali kila mara: 12 − 2(−1) = 14, sawa. Ile 24 ingetoa 34. Angalia pia −(x − 3): hakuna namba inayoonekana, lakini ni −1 inayozidisha, kwa hiyo −x + 3. Na mabano ya (x + 5) yakitanguliwa na kutoa, alama zote mbili zinageuka: −x − 5.

Hatua ya 3. Tafuta x. Sipendi "vusha, geuza alama". Fanya jambo lilelile pande zote mbili. Ndiyo maana ya al-jabr, neno lililozaa "aljebra", la mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9: kurejesha kilichopunguzwa. Kikokotoo kiwe mbali.

Hatua ya 4. Takwimu. Wachumaji saba wa karafuu walileta pishi (kipimo cha ujazo) 4, 9, 5, 4, 6, 4, 3. Jumla 35, gawa kwa 7, wastani ni 5. Moda, yaani namba inayojirudia zaidi, ni 4. Kwa thamani ya katikati, panga kwanza: 3, 4, 4, 4, 5, 6, 9, ya nne ni 4. Mpwa wangu alichukua ya nne bila ya kupanga, na bahati mbaya nayo ni 4, akapata vema asiyostahiki. Nikambadilishia mpangilio: 9, 3, 4, 6, 4, 5, 4. Akasema 6. Kisha akarudi kupanga mwenyewe.