Jinsi ya Kuchagua Cherehani ya Bei Nafuu kwa Mapazia na Foronya za Makochi

Anayetaka kushona mapazia, foronya za mito na vitambaa vya makochi nyumbani kwake hapa Tanga hahitaji cherehani yenye mishono mingi ya mapambo. Anahitaji ile itakayovuka kona ya pindo bila kugoma, kwa kuwa pindo lililokunjwa mara mbili lina tabaka 3 za kitambaa, na pale pindo la chini linapokutana na la ubavuni tabaka hizo hufika 9.

Hatua ya kwanza ni kuandaa vipande vya majaribio kabla ya kwenda dukani. Kata kipande cha kitambaa kilekile utakachokishona, kunja kona yake kama itakavyokuwa kwenye pazia, kisha chukua na kipande cha kitambaa cha kochi pamoja na zipu. Wauzaji wengi hukuonyesha cherehani kwa kitambaa chepesi cha pamba, ambacho karibu kila mashine hukishona vizuri, kwa hiyo omba kwa adabu utumie chako.

Hatua ya pili ni kuamua itaendeshwa kwa nguvu gani. Kwa mwenye fedha kidogo napendekeza bila kusita cherehani nyeusi ya chuma ya kukanyaga kwa miguu, kama Singer za zamani au Butterfly, kwa sababu haisimami umeme unapokatika, vipuri vyake ni vya kawaida, na mshono wake mmoja ulionyooka unatosha kwa mapazia. Ukipenda umeme, soma kibandiko cha mota: umeme wetu ni wa volti 230, ilhali mashine za mtumba zilizotengenezewa Japani hutumia volti 100 na za Marekani 120, nazo zitakulazimu kununua transfoma ya kupunguza volti. Cherehani ya kiwandani iache mpaka utakapoanza kupokea oda za watu.

Hatua ya tatu, ambayo haifai kuharakishwa hata kidogo, ni ukaguzi. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole hadi limalize mzunguko. Liende kwa ulaini uleule, bila kukwama mahali. Shika chuma kinachobeba sindano ukijaribu kukitikisa: kikicheza, kimelika, na mashine itaruka mishono kwenye kitambaa kizito. Meno yanayosukuma kitambaa yawe bado makali. Hewa ya bahari yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo madoa ya kutu kwenye meza au miguu ya chuma yasikutishe, lakini kutu ikiwa imeingia pale bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, inapokaa, iache mashine hiyo hata ikiwa ya bei ya chini sana. Uliza pia kama bobini zake zinapatikana kwenye maduka ya Ngamiani hapa mjini, kwani cherehani ambayo vipuri vyake huagizwa mbali si ya bei nafuu.

Hatua ya nne ni kushona. Weka sindano mpya, namba 16 kwa pazia zito na 18 kwa kitambaa cha kochi, tumia uzi imara wa poliesta, urefushe mshono, kisha pitisha kona uliyoikunja, ukisaidia gurudumu kwa mkono pale kwenye unene. Geuza kitambaa utazame pande zote mbili. Uzi ukijikunjakunja upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea au haukupitishwa sawasawa, na hilo hurekebishwa papo hapo. Mishono ikiruka ilhali sindano ni mpya na imekaa sawa, usinunue. Hakikisha pia kuwa mguu mwembamba wa kushonea zipu unaingia, maana bila huo foronya zitakusumbua.

Unapopatana bei, bakiza fedha za sindano, mkanda, mafuta na fundi wa kuisafisha. Tumia mafuta ya cherehani pekee. Ya kupikia huganda na kuifanya mashine iwe nzito. Ukifika nyumbani, weka meza nyingine upande wa kushoto, yenye kimo kilekile, ili ibebe pazia unaposhona, kwa sababu uzito wa kitambaa kinachoning'inia huivuta sindano hadi ikapinda au kuvunjika.