Jinsi ya kurusha video laivu kutoka kompyuta ya nyumbani mpaka ndani ya Second Life

Kabla hujashusha programu yoyote elewa kitu kimoja, maana wengi wanakwama hapa na hawajui wamekwamia wapi: Second Life, ile dunia ya 3D ya mtandaoni, haibebi video yako. Seva zao zinabeba ardhi, majengo, avata (vile vijitu vinavyowakilisha watu) na chati, video hapana. Unachoweka kule ni linki tu. Mtu akifika penye skrini yako, programu yake mwenyewe inaichukua ile linki na kwenda kuivuta video moja kwa moja kule iliko, yaani ukumbini wakiwepo avata 20 basi kuna kompyuta 20 zinavuta kwako kwa wakati mmoja.

Sasa piga hesabu. Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde mara watu 20 ni megabiti 30, na hiyo ni kasi ya kupandisha sio ya kushusha. Intaneti nyingi za majumbani kushusha ziko vizuri ila kupandisha ni shida, kwahiyo pima yako kwanza uijue. Halafu watoa huduma wengi wanawaweka wateja kibao nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo hata ukifungua poti kwenye rauta mtu wa nje hakufikii. Na hata ukifikika, kila mgeni anaweza kuiona anwani ya IP ya nyumbani kwako, mi hilo peke yake linanitosha kusema usigawe video kutokea nyumbani. Kompyuta yako itume strimu moja tu kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi, na ile seva ndo igawe kwa wageni.

Upande wa kutuma tumia OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha video, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Ingia Settings, halafu Output, chagua CBR (kasi isiyobadilika), Bitrate weka kilobiti 1500 mpaka 2500 kwa sekunde, sauti AAC kilobiti 128. Ukubwa wa picha 1280 kwa 720 unatosha kabisa, maana skrini yako kule ndani watu wanaitazama kwa mbali na mara nyingi haijazi hata nusu ya monita zao, ukituma 1080 unawabebesha mzigo ambao hawauoni. Keyframe Interval (kila baada ya sekunde ngapi inatumwa picha kamili) usiiache 0, weka 2, sababu yake naieleza chini. Kwenye Encoder, yaani kinachobana video, kama una kadi ya Nvidia chagua NVENC, kama ni Intel chagua QuickSync, ili prosesa ipumue, maana Second Life nayo itakuwa inachora dunia nzima kwenye mashine hiyohiyo. Punguza na umbali wa kuona kule ndani mpaka mita 64, utaona tofauti. Na tafadhali chomeka waya kwenye rauta, waifai ikiyumba sekunde 3 tu wageni wote wanaweza kuona picha imeganda.

Kwa seva ziko njia nyingi, kuna nginx na moduli yake ya RTMP (njia ya kutuma strimu kwenda kwenye seva), kuna MediaMTX, ila kwa anayeanza mi namwambia aanze na Owncast, programu ya kupokea na kugawa strimu, kwasababu inakuja na ukurasa wake wa kutazamia na hutakiwi kuandika kodi yoyote. Inapokea strimu kwenye poti 1935 na ukurasa wake uko poti 8080. Ukishaiwasha nenda kwenye /admin na kitu cha kwanza kabisa badilisha neno la siri na ufunguo wa strimu, maana vyote vinakuja na abc123 na kila anayeijua Owncast analijua hilo, ukiuacha mtu yeyote anaweza kurusha picha zake kwenye ukumbi wako mbele ya wageni wako. Ila kama seva yako ni ndogo washa ile video passthrough, hapo haiichakati upya video, inaigawa kama ilivyokuja. Mbele yake weka Caddy, programu ya seva ya wavuti inayopokea wageni na kuwapitisha kwa Owncast, na jina la domeini, Caddy inajitafutia cheti cha https yenyewe. Rudi OBS, Settings, Stream, chagua Custom, andika rtmp:// ikifuatiwa na anwani ya seva na /live, bandika ufunguo, anza kurusha, fungua ukurasa kwenye brauza ya kawaida. Kama haionekani hapo usihangaike kuingia Second Life kwanza, tatizo liko huku.

Ikionekana, linki ya kuweka kule ndani sio ya ukurasa mzima, ni ile inayoishia na /embed/video, hiyo inatoa picha tupu bila menyu wala chati.

Kule ndani kuna njia mbili. Ya zamani ni media ya kiwanja kizima, unaingia About Land sehemu ya Media, na lazima uwe mwenye kiwanja au kundi lako liwe limepewa ruhusa. Ya pili ni kuweka media kwenye uso wa kitu, imekuwepo tangu 2010, na hii ndo naipenda kwasababu haigusi mipangilio ya kiwanja. Tengeneza boksi, livute liwe mita 8 kwa 4.5 ili liendane na umbo la video, bonyeza Edit, chagua uso MMOJA tu wa mbele (ukisahau hapa unaweka video kwenye pande zote sita), nenda Texture, chagua Media, bandika linki. Washa auto play. Ukubwa andika 1280 kwa 720. Washa na full bright, la sivyo jua la kule likizama skrini yako nayo inaingia giza.

Sehemu ya ruhusa usiipite. Mruhusu mwenye kitu peke yake kuongoza ukurasa, wengine wote watoe, vinginevyo mgeni yeyote akibonyeza bonyeza anaweza kuwahamisha watazamaji wote kwenye ukurasa mwingine katikati ya shughuli.

Halafu sauti, hapa ndo panaharibika sana. Kama Second Life iko wazi kwenye mashine ileile ya OBS, skrini yako kule ndani inacheza strimu yako, OBS inaisikia kupitia sauti ya kompyuta, inairusha tena, na wageni wanasikia kila neno mara mbili mara tatu. Zima Desktop Audio kwenye OBS ubaki na maiki peke yake, na kule ndani shusha sauti ya media mpaka sifuri kwa upande wako tu. Unapoongea mita ya OBS icheze kwenye njano, ikigusa nyekundu rudi nyuma kidogo.

Sasa ule ucheleweshaji. Seva inaikata video vipande vipande vya sekunde chache, na programu ya mtazamaji inasubiri vipande kadhaa ndo ianze kucheza, na kipande kinaweza kuanzia kwenye keyframe tu, ndo maana tuliweka 2. Hata hivyo tegemea sekunde kadhaa mpaka 20 hivi kati yako na mgeni. Kibaya zaidi hawako sawa wao kwa wao, kila mmoja anavuta kivyake, avata mmoja ameshapiga makofi jirani yake bado anasubiri wimbo uishe. Usije ukaongea kwa voice ya Second Life huku mdomo wako unaonekana kwenye video, sauti inafika saa hiyohiyo na mdomo unafuata baadaye sana, chagua njia moja, na mi nashauri sauti ipite kwenye video. Ukiuliza swali nyamaza uwape muda, jibu liko njiani.

OpenSimulator, dunia nyingine inayofanana na Second Life, inafuata utaratibu huuhuu. VRChat, dunia nyingine ya mtandaoni, ni tofauti kidogo, kule mtu ambaye hajaruhusu linki zisizoaminika haoni kitu kama seva yako haimo kwenye orodha yao, kwahiyo waambie wageni mapema.

Saa moja kabla ya shughuli mwombe rafiki aingie kwa akaunti yake, sio wewe kwa akaunti yako. Akiona uso mweusi muulize kama ameruhusu media kwenye mipangilio yake ya sauti, mara nyingi ni hilo. Pia skrini ziwe chache, programu ina kikomo cha media inazopakia kwa pamoja na ukiweka skrini kila ukuta baadhi hazitawaka. Na unachorusha kiwe chako au umepewa ruhusa, filamu na mechi za watu wengine zinaweza kukufungia akaunti.

Mkimaliza simamisha OBS, toa linki kwenye boksi, badilisha ufunguo kama kuna msaidizi uliyempa.