Kutuma Picha za Muziki Onyesho Likiwa Linaendelea

Mteja wa picha za muziki siku hizi hasubiri kupambazuke. Mwandaaji anataka kumwonyesha msanii mtandaoni angali jukwaani, na mhariri anataka picha kabla ukurasa wake haujafungwa. Mfano mzuri wa ugumu wa kazi hii ni Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, penye kuta nene za mawe na umati ambao karibu kila mmoja ana simu mkononi.

Intaneti inayokwenda vizuri alasiri hudorora usiku, pale msanii anayesubiriwa anapopanda na watu wote wakaanza kurusha video kwa pamoja. Kwa hiyo usipime kasi mchana ukaridhika, na unapopima, angalia kasi ya kupakia badala ya ile ya kupakua. Hesabu yake ni rahisi: kwenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, faili ghafi (RAW, yaani picha kama kamera ilivyoinasa) la megabaiti 40 litachukua sekunde 160, ilhali JPEG, yaani picha iliyobanwa, ya megabaiti 1.5 itachukua sekunde 6 tu. Weka kamera iandike faili ghafi kwenye kadi ya kwanza na JPEG ndogo kwenye kadi ya pili, kisha utume hizo ndogo peke yake.

Kutoka kwenye kamera kwenda kwenye simu, mimi hupendelea kebo, kwa sababu waifai ya kamera hugombania nafasi na mamia ya simu zilizo karibu. Simu iwe na laini za kampuni mbili tofauti, bando la kutosha na pawabenki. Kama waandaaji wana intaneti ya waya ofisini mwao, omba ruhusa ya kuitumia mapema. Kutoka nje ya ngome hadi upande wa bustani ya Forodhani huondoa kizuizi cha kuta lakini si lazima kuondoe msongamano, kwani huenda simu yako bado inategemea mnara uleule.

Kwa kuwa hakuna muda wa kusafisha picha, mwanga unapaswa kuwa sahihi tangu ndani ya kamera. Taa nyekundu au za bluu kali hufuta sura ya mwimbaji, na JPEG haina nafasi kubwa ya kuokoa kilichopotea. Subiri taa nyeupe impitie usoni ndipo ubonyeze. Epuka pia shata ya kielektroniki (ile isiyotumia pazia linalosogea ndani ya kamera), ambayo chini ya taa za LED huweza kuacha mistari kwenye picha.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni maelezo ya picha. Andaa maelezo ya kila msanii kabla ya siku yenyewe, yakiwa na jina, mji, tarehe na jukwaa, uyahifadhi kwenye programu yako ya kutuma picha ili usiku ubaki na kazi ya kubadilisha sentensi moja tu. Thibitisha tahajia ya majina na waandaaji, na ulinganishe saa za kamera zako zote na ya simu, maana ratiba ikisogezwa, saa ndiyo itakayokuambia picha ni ya nani. Katika kikundi cha taarab ugumu huongezeka: kuna wapigaji wa udi, fidla, kanuni na akodiani, na mara nyingi picha inayotakiwa ni ya shabiki aliyepanda ghafla kumtunza mwimbaji.

Wapigapicha wengi hukwama kwa kutaka kutuma kila kitu. Mara nyingi utaruhusiwa kukaa mbele ya jukwaa kwa nyimbo tatu za kwanza. Piga wimbo wa kwanza bila kuangalia simu, kisha, palipo na utulivu kidogo, tia alama ya kufuli (ile ya kamera ya kulinda picha isifutwe) kwenye picha mbili au tatu na uzitume hizo tu. Picha moja ya uso na moja ya jukwaa zima zinatosha kumwanzisha mhariri. Nyingine tano zifuate ukishatoka mbele. Foleni ya picha zinazotumwa ikiganda, simamisha zote, tuma moja iliyo muhimu zaidi, halafu mpigie mhariri kuhakikisha imefunguka kwake.

Baada ya onyesho, linganisha orodha ya zilizofika na zile ulizotia kufuli, kisha utume zilizobaki kabla ya kufuta kadi yoyote.