Namna ya Kupata Fundisho la Kutendwa Katika Fungu la Biblia: Mfano wa Nehemia 5

Katika vikundi vingi vya kujifunza Biblia, iwe ni jumuiya ndogo ndogo, ibada za nyumba kwa nyumba au vipindi vya vijana, somo humalizika kwa swali lile lile: fungu hili linatufundisha nini? Majibu huja upesi. Tuwe na imani, tupendane, tumtegemee Mungu katika kila jambo. Hakuna uongo katika majibu hayo. Kasoro yake ni kwamba yangeweza kutolewa hata kama Biblia ingebaki imefungwa. Fundisho ambalo msomaji alikuwa nalo kabla ya kusoma halikutoka katika fungu, bali amelipeleka pale yeye mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulitoa fundisho ndani ya fungu lenyewe na kulifikisha mahali ambapo mtu anaweza kulitenda, siku inayojulikana, kwa watu wanaojulikana. Sehemu kubwa ya maelezo itafuata sura moja tu, Nehemia 5, kwa kuwa inahusu mikopo, riba na rehani, mambo ambayo mwanachama yeyote wa kikundi cha kuweka na kukopa anayafahamu bila kuelezwa.

Soma fungu zima, na uandike linachosema

Walimu wengi wa kitabu cha Nehemia, liwali Myahudi aliyesimamia kujengwa upya kwa ukuta wa Yerusalemu, huruka kutoka sura ya 4, ambapo wajenzi wanafanya kazi kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili, hadi sura ya 6, ambapo ukuta wa Yerusalemu unamalizika kwa siku 52. Sura ya 5 inaachwa katikati kama kwamba haipo. Kwa njia hiyo kitabu kizima hugeuka kuwa semina ya uongozi bora, yenye maono, mipango na ushindi juu ya wapinzani, na kila msikilizaji huondoka akijiona Nehemia. Sura iliyoachwa ndiyo inayoivuruga picha hiyo, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuisoma.

Kabla ya kutafuta fundisho lolote, chukua karatasi ujibu kwa mistari yenyewe: nani analalamika, anamlalamikia nani, kwa sababu gani, nani anajibu, na nini kinabadilika. Usiandike neno la kiroho ambalo halimo katika fungu. Mstari wa 1 unasema kilio kikuu kilitoka kwa watu na wake zao, nacho kilikuwa juu ya ndugu zao Wayahudi. Hakikuwa juu ya Sanbalati wala Tobia, maadui wa sura iliyotangulia. Mwandishi angeweza kutaja watu tu akaendelea, lakini amewataja wanawake, na mtu anayejua ni nani katika nyumba hugundua kwanza kwamba unga umekwisha hatashangaa kwa nini.

Mistari ya 2 hadi 5 inataja makundi matatu ya walalamikaji. Wa kwanza wana watoto wengi na wanatafuta nafaka ili wale waishi. Wa pili wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Wa tatu wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi. Njia zote tatu zinafika mahali pamoja: watoto wanatiwa utumwani, baadhi ya mabinti wamekwisha kuchukuliwa, na wazazi hawana uwezo wa kuwakomboa kwa sababu mashamba ambayo yangewapa fedha ya kuwakomboa yako mikononi mwa wengine. Ukiliandika jambo hili kwa maneno yako mwenyewe utaona kwamba maskini hawa hawakuwa wavivu. Walikuwa na mashamba na nyumba, nao walikuwa wakijenga ukuta.

Kisha mambo yanabadilika. Nehemia anakasirika sana, lakini anashauriana kwanza na nafsi yake kabla ya kusema. Anawakabili wakuu wanaokopesha kwa riba, anaitisha mkutano mkubwa, nao wananyamaza wasiwe na la kujibu. Katika mstari wa 10 anakiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wanakopesha fedha na nafaka. Katika mstari wa 11 anataka virudishwe siku hiyo hiyo mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Wafasiri wengi huielewa sehemu hiyo kuwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Anayelipa leo ile mikopo ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu angeiona riba hiyo kuwa zawadi, na hata hivyo Nehemia aliamuru irudishwe. Sura inamalizika kwa kueleza kwamba kwa miaka 12, tangu mwaka wa 20 hadi wa 32 wa utawala wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, Nehemia hakudai chakula ambacho liwali alistahili kupewa, ingawa mezani pake walikula watu 150, kwa kuwa utumishi uliwaelemea watu.

Pima kilicho tofauti na kilicho sawa

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na hufanyika kwa pande mbili. Upande mmoja yupo anayesoma sura hii akatangaza kwamba riba yoyote ni dhambi, kwa hiyo kikundi kivunjwe kesho. Upande wa pili yupo anayesema kwamba hayo yalikuwa mambo ya Wayahudi chini ya Torati, kwa hiyo hayatuhusu. Wote wawili wamekwepa kazi ya kulinganisha.

Tofauti zipo, na ni vizuri zitajwe wazi. Mikopo ya Nehemia 5 ilikuwa mikopo ya njaa, kati ya ndugu waliofungwa na amri iliyokataza kumtoza maskini riba, kama tunavyosoma katika Kutoka 22:25 na Walawi 25:35-37. Katika kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kawaida faida hugawanywa kwa wanachama wenyewe mwisho wa mzunguko, na mkopo huweza kuwa wa kuongeza mtaji wa duka, ambao hauhusiani na kununua unga. Mkopaji wa namna hiyo hafanani na mama wa mstari wa 2.

Hata hivyo, ndani ya kikundi kile kile yupo aliyekopa kwa sababu mtoto amelazwa, au kwa sababu ya msiba, au kwa kuwa ada ya shule ilidaiwa kabla ya mavuno. Huyo ndiye anayefanana naye, na aliyemkopesha ni ndugu yake katika imani, pengine wanaimba kwaya moja. Kilicho sawa ni hiki: shida ya ndugu imegeuka kuwa njia ya mwingine kupata faida, na dhamana inayochukuliwa ni kitu ambacho bila hicho mdaiwa hawezi kujikwamua.

Ukishaona kinachofanana, tafuta kama Maandiko mengine yanakigusa. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa huko ni kuchukua uhai wa mtu. Mistari ya 10 hadi 13 ya sura hiyo inamwamuru mkopeshaji asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee rehani, na kama ni maskini, nguo yake irudishwe jua linapokuchwa apate cha kujifunika. Yeyote aliyewahi kuona wanakikundi wakiingia chumbani kwa mwenzao kubeba godoro, sufuria na televisheni huku majirani wakitazama hahitaji kufafanuliwa kwamba Torati iliijua aibu hiyo na ikaweka mpaka mlangoni. Kwa jiwe la kusagia, fikiria cherehani ya fundi nguo au pikipiki ya bodaboda.

Mkristo huendelea mbele kidogo, kwa kuwa anayasoma haya yote mbele ya Kristo. Katika Luka 6:34-35 Yesu anafundisha kukopesha pasipo kutumaini kulipwa. Katika Luka 19:8 Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na anafanya hivyo bila kuombwa na kwa hesabu iliyo wazi. Mafungu haya hayafuti Nehemia 5. Yanaonyesha kwamba haki aliyoidai Nehemia haikupungua katika Injili.

Simama mahali pa anayekemewa

Karibu kila msomaji hujiweka mahali pa mhusika mwema. Katika sura hii jaribu kusimama kwanza na wakuu walionyamaza. Jiulize ni nani anakudai au unamdai, ni faini ipi umekuwa ukiishangilia kwa sababu inaongeza gawio lako, na kama wewe ni mweka hazina au mwenyekiti, ni kanuni ipi uliisimamia kwa sauti kubwa kwa sababu haikukugusa. Nehemia mwenyewe alisimama hapo. Mstari wa 10 unaonyesha kwamba alipowaambia waache riba alijihesabu miongoni mwao. Kisha simama na wanawake wa mstari wa 1. Kama wewe ndiye mdaiwa, fungu halikuambii unyamaze kwa ajili ya amani ya kanisa, kwa sababu kilio kilisikilizwa na kikafika mkutanoni.

Liandike fundisho kwa sentensi inayoweza kutekelezwa

Sasa andika. Sentensi ya kwanza itakayokujia huenda ikawa: "Tusiwaonee maskini." Ni kweli, lakini hakuna anayejiona kuwa mwonevu, kwa hiyo sentensi hiyo haitamsumbua mtu. Isogeze karibu: "Tusimtoze riba ndugu aliyekopa kwa sababu ya njaa au ugonjwa." Hiyo ni bora, kwa kuwa imetaja mtu na sababu, ingawa haijasema nani atafanya nini na lini. Isogeze tena: "Katika mkutano wa Jumamosi tutapendekeza kwamba mkopo wa dharura ya matibabu au msiba usiwe na riba, kwamba cherehani, pikipiki na jembe la mtu visichukuliwe kuwa dhamana, na kwamba hakuna atakayeingia nyumbani kwa mdaiwa." Kila kipande cha sentensi hiyo kinaweza kuonyeshwa mstari wake katika Biblia, na kila kipande kinaweza kukaguliwa wiki inayofuata kama kimefanyika. Vipimo hivyo viwili vinatosha. Sentensi isiyo na mstari ni maoni yako, hata kama ni mazuri. Sentensi isiyoweza kukaguliwa itabaki kuwa nia njema.

Si kila fungu linafanya kazi kwa namna moja

Nehemia 5 ni masimulizi, na masimulizi hayaamuru kila yanachosimulia. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo uwanjani ili apate ishara, katika Waamuzi 6:36-40, lakini Mungu alikuwa amekwisha kumwambia la kufanya; anayeiga ngozi ile ili achague mchumba au kazi anaiga shaka ya Gideoni. Mithali hueleza jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida, kwa hiyo usiigeuze kuwa mkataba kati yako na Mungu. Nyaraka husomwa kwa kuuliza kanisa lile lilikuwa na tatizo gani.

Ahadi zinahitaji uangalifu wa pekee. Yeremia 29:11, mstari unaoandikwa kwenye kadi nyingi za mahafali, uliandikiwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Wengi wao wangefia ugenini. Mistari ya 5 hadi 7 ndiyo inayosema wafanye nini wakati huo wote: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautakie amani mji waliopelekwa na kuuombea. Anayeishi mahali asipopapenda, iwe ni kituo cha kazi alichohamishiwa au nchi aliyokimbilia, atapata katika mistari hiyo mitatu kazi nyingi zaidi ya faraja aliyoitafuta katika mstari mmoja.

Unapoongoza kikundi

Usianze kwa kuuliza fungu linatufundisha nini. Liweke swali hilo mwishoni. Anza na maswali ya karatasi, mstari kwa mstari, na umpe nafasi hata asiyezoea kusema, kwa kuwa kuona kilichoandikwa hakuhitaji elimu ya theolojia. Mtu akitoa jibu la jumla, muulize kwa upole ameliona katika mstari gani. Mzee au mchungaji akiwepo, mwombe kwa heshima aseme mwisho, kwa sababu akisema mwanzo wengine watarudia maneno yake.

Somo linapogusa fedha, usiruhusu madeni ya mtu yatajwe mbele ya wengine. Nehemia aliwakabili wakopeshaji hadharani. Wadaiwa hakuwataja hata mmoja kwa jina. Mwenye jambo lake alizungumze faragha na kiongozi anayemwamini.

Katika Nehemia 5:12-13 wakuu waliapishwa mbele ya makuhani, na fungu linaandika kwamba watu walitenda kama walivyoahidi. Kwa hiyo mwombe katibu aiandike sentensi mliyokubaliana katika daftari, pamoja na jina la aliyekubali kuisimamia. Mkutano ujao uanze kwa kuisoma kabla ya kufungua fungu jipya. Kama haikutekelezwa, ulizeni kilichozuia: ikiwa katiba ya kikundi ndiyo inayodai dhamana, andikeni pendekezo la kuibadilisha, mlipeleke kwa mwenyekiti liingie katika ajenda ya mkutano mkuu, na katika muda huo wa kusubiri, walio tayari wasamehe sehemu yao ya faini kwa hiari.