SOMO: Mtu anataka kununua domeni yako? Usitaje bei kabla hujasoma hapa

Wakuu, swali la "kuna mtu kanitumia barua pepe anataka domeni yangu, nimtajie shilingi ngapi?" limeulizwa mno, na majibu ni yaleyale kila mara. Nayaweka yote hapa ili tusirudie. Domeni ni jina la anwani ya tovuti, na hapa nazungumzia zaidi .com na ndugu zake.

Shika hili kwanza: bei ya domeni anaibeba mnunuzi. Inategemea ana pesa kiasi gani na atafanya nini akiikosa. Mwaka 2019 voice.com iliuzwa dola milioni 30. Mnunuzi alikuwa Block.one, kampuni iliyokuwa imetoka kukusanya takribani dola bilioni 4 kwa kuuza sarafu yake ya kidijitali. Mbele ya mnunuzi mwenye mfuko mdogo, neno hilohilo lisingefika huko. Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ya kujibu.

1. Thibitisha kuwa ni yako. Ingia kwa msajili wako (kampuni uliyosajilia domeni), angalia jina la mmiliki na tarehe ya kuisha. Kama fundi wa tovuti aliisajili kwa jina lake, malizana naye kwanza.

2. Chuja matapeli. Anayekuambia ulete "cheti cha thamani" kutoka tovuti anayoitaja yeye ni tapeli. Utalipia cheti, kisha atapotea. Barua inayodai kuna kampuni China inataka kusajili jina la domeni yako kwa .cn, kwa hiyo uwahi kulilipia wewe, nayo futa.

3. Mjue anayeuliza. Chukua anwani yake ya barua pepe, tazama kilicho baada ya alama ya @. Tafuta kama kuna kampuni inayotumia jina lako likiwa limeongezewa neno, au likiwa na mwisho mwingine kama .co.ke au .net. Hao ndio wanaoihitaji kweli, maana wateja wao wanakosea anwani kila siku na kuishia kwako. Akiandika dalali kwa niaba ya "mteja wangu", jua mteja ana bajeti na hataki ujue yeye ni nani. Akiandika kwa Gmail bila jina la ukoo, anaweza kuwa mwanafunzi, anaweza kuwa mkurugenzi anayejificha, usihukumu mapema.

4. Angalia alama ya biashara. Tafuta jina kwenye rejista ya BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) na kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO (shirika la kimataifa la haki miliki), ambayo ni bure. Kama jina lako linafanana na alama ya mtu, usijibu chochote kuhusu bei kabla ya kuongea na wakili. Chini ya UDRP, utaratibu wa migogoro unaotumika kwa .com tangu 1999, mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ukiwa ulilisajili hasa ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako, huo ni ushahidi wa nia mbaya, na barua yako ya "nipe dola 10,000" itaambatanishwa. Kampuni zenye mawakili wajanja huuliza bei kwa upole kwa sababu hiyohiyo. Kufungua shauri la UDRP huko WIPO kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500, kwa hiyo wakiona watakushinda hawana sababu ya kukulipa zaidi ya hapo. Ukishtakiwa una siku 20 za kujibu. Usikae kimya.

Maneno ya kawaida kama "shamba" au "nyumba" yana unafuu, mradi huyatumii kumwiga mtu.

5. Andika bei tatu kwenye karatasi yako. Bei ambayo chini yake huuzi, bei unayoitaka, na bei utakayoanza nayo. Tazama mauzo ya majina yanayofanana kwenye NameBio, tovuti inayoorodhesha domeni zilizouzwa na bei zake. Mashine za kukadiria thamani zisikupandishe wala kukushusha presha: kwa majina ya Kiswahili hubahatisha tu, kwa sababu mauzo yetu yaliyotangazwa ni machache.

6. Jibu la kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole. Jibu liwe fupi, baada ya siku moja au mbili, bila bei na bila historia. Mfano:

"Habari, asante kwa kuulizia. Domeni hii sijaiweka sokoni, ila niko tayari kusikiliza ofa ya maana. Umepanga bajeti gani?"

Usiseme "siuzi" kama unauza, kwa sababu wapo wanaoamini na kwenda kusajili jina lingine siku hiyohiyo. Usieleze kwamba huitumii au kwamba karibu iishe muda. Usiseme una mnunuzi mwingine kama hayupo. Barua pepe hubaki, na uongo wako unaweza kusomwa na msuluhishi au hakimu. Usitaje bei ndogo "ili nimpime": ukisema dola 300 akakubali ndani ya dakika tano, huna pa kurudi. Akigoma kutoa ofa mara mbili, hapo taja wewe bei yako ya kuanzia, namba moja kamili. Ukisema "kati ya 2,000 na 5,000" umeshasema 2,000.

7. Kupatana. Tuseme karatasi yako ina 1,500, 2,500 na 4,800. Yeye anaanza na 250. Unajibu 4,800. Akija na 800, shuka 3,900. Akipanda 1,500, sema 3,300. Akisema 2,200, toa 2,900 na umwambie ni ya mwisho, inasimama siku 7, na ada ya eskro (mtu wa kati anayeshika pesa mpaka domeni ihame) utailipa wewe. Angalia hatua zako: 900, 600, 400. Zinapungua, naye anaona kwamba unakaribia sakafu. Ukiruka kutoka 4,800 hadi 2,500 kwa mkupuo, umemwambia namba ya kwanza ilikuwa ya hewani na ataendelea kuvuta. Usishuke kabla yeye hajapanda. Akinyamaza, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha mwache. Ukimya wa wiki tatu ni kawaida kwa kampuni inayosubiri sahihi ya bosi.

8. Malipo na kuhamisha. Andikeni makubaliano: jina, bei, sarafu, nani analipa ada, siku ya mwisho ya malipo. Tumieni eskro kama Escrow.com. Mnunuzi anaweka pesa kwao, wewe unahamisha domeni, yeye anathibitisha kuipokea, ndipo unalipwa. Wataomba kitambulisho chako, kwa hiyo akaunti ya benki iwe kwa jina lilelile. Mambo ya kuangalia:

– Andika anwani ya eskro kwa mkono wako. Kuna tovuti bandia zinazofanana nayo herufi kwa herufi kasoro moja.
– Barua pepe ya "pesa zimepokelewa" haitoshi. Ingia kwenye akaunti uone muamala wenyewe, ndipo ufungue kufuli ya domeni na kutoa msimbo wa kuhamishia. Msimbo huo ni sawa na hati ya kiwanja.
– Usibadilishe jina la mmiliki katikati ya mazungumzo. Wasajili wengi hufunga domeni siku 60 isihamie kwa msajili mwingine.
– Njia ya haraka ni mnunuzi kufungua akaunti kwa msajili wako, ukamsukumia humohumo ndani. Kwenda kwa msajili mwingine huchukua takribani siku 5 hadi 7.

Maswali sasa.

---

Kijana_Sinza: Mkuu nina .com kali sana, naweza kuuza bei gani?

Mleta somo: Hujasema jina, hujasema nani kauliza. Hatua ya 3 na ya 5.

Kijana_Sinza: Hajauliza mtu bado.

Mleta somo: Basi haina bei bado. Ilipie isiishe muda.

Dar2Dubai: Eskro ni kupoteza muda na ada. Atume PayPal, nampa msimbo, tumemalizana.

Mleta somo: Mnunuzi wa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko. Domeni si mzigo wa kusafirishwa, kwa hiyo utapata taabu kuthibitisha kwamba umeikabidhi. Pesa inaweza kurudi kwake huku domeni imeshahama wasajili wawili. Ada ya eskro ni ndogo kuliko hasara hiyo. Uamuzi ni wako.

Mama Naila: Asante kwa somo. Wangu amekubali dola 6,000, ila anaomba kulipa kwa miezi 12. Nikubali?

Mleta somo: Swali zuri, dada, na watu wengi hukosa biashara kwa kulikataa. Kubali, kwa masharti. Domeni ishikwe na mtu wa tatu mpaka malipo ya mwisho, Escrow.com wana huduma ya kuishikilia. Yeye apewe matumizi tu, yaani ielekezwe kwenye seva zake, umiliki usihame. Malipo ya kwanza yawe makubwa kuliko mengine, asilimia 20 au zaidi, ili asiwe anajaribu tu. Bei ya jumla iwe juu ya ile ya kulipa mara moja, maana unamkopesha. Andikeni kwamba akikosa malipo kwa siku kadhaa mtakazotaja, domeni inarudi kwako na alicholipa hakirudi. Weka pia sharti la kutoitumia kwa barua taka au utapeli. Jina likiingia kwenye orodha nyeusi za barua pepe halafu likarudi kwako, kulisafisha ni kazi.

Mnyalu_Mtandaoni: Nilimtajia 300 kabla sijasoma hapa, kakubali. Nimwambie nimekosea ni 3,000?

Mleta somo: Hapana. Umetoa bei kwa maandishi, amekubali kwa maandishi. Hayo ni makubaliano, anaweza kukudai. Kamilisha.

Ukoo wa Pwani: Je, kama jina ni la ukoo wetu kabisa, na kuna kampuni kubwa yenye jina hilo?

Mleta somo: Una maslahi halali, tena mazito. Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake iliyobeba jina lake. Kampuni ya magari ilimshtaki mwaka 1999, na baada ya miaka ya kesi domeni ilibaki kwake. Gharama za mawakili zilikuwa kubwa sana hata hivyo. Kwa hiyo tunza ushahidi wa matumizi yenu halisi: tovuti ya familia, leseni ya biashara, barua pepe. Na msiweke humo matangazo ya bidhaa za kampuni hiyo hata siku moja.

Seremala wa Data: Na .co.tz?

Mleta somo: Kupatana bei ni kulekule. Tofauti ni kwamba iko chini ya msimamizi wa majina ya .tz hapa Tanzania, mwenye taratibu zake za migogoro na uhamisho, kwa hiyo muulize msajili wako hatua zake kabla hujaahidi tarehe. Kama wote mko nchini, wakili anaweza kushika pesa badala ya eskro ya nje.

Fundi Seva: Niongeze, mkuu. Kabla ya kuachia, ondoeni akaunti zote zilizofunguliwa kwa barua pepe za domeni hiyo: benki, mitandao ya kijamii, msajili mwenyewe. Mmiliki mpya akiwasha barua pepe, kila ombi la kubadili nywila linaenda kwake.

Mleta somo: Hili ni muhimu kabisa. Tafuteni kwenye kikasha barua za miaka miwili nyuma zenye "karibu" au "thibitisha akaunti", mtashangaa zilivyo nyingi. Na kwenye makubaliano andikeni kwamba kinachouzwa ni jina tu. Maandishi ya tovuti, picha na nembo vina bei yake.

Kijana_Sinza: Mkuu, nimeilipia miaka miwili. Kwenye ukurasa niandike "INAUZWA"?

Mleta somo: Kama ni neno la kawaida, ruksa: weka fomu ya mawasiliano bila bei. Kama inafanana na alama ya mtu, rudi hatua ya 4.